Vali ya sailensi ya Roadster, uani Sinza

Jumamosi, 2 Agosti

Gari langu limezima tena. Safari hii ni kwenye taa za Bamaga, saa kumi na moja jioni, kiyoyozi kinafanya kazi, daladala mbili nyuma yangu zinapiga honi kwa zamu. Nilikanyaga klachi kusubiri taa, mshale wa mizunguko ukashuka kutoka 1,100 hadi 600, ukatetemeka, kisha kimya. Nikafunga kiyoyozi, nikapiga stata, likawaka papo hapo kama halikuwa na neno. Hii ni mara ya nne ndani ya wiki mbili, na kila mara sura ni ileile: injini imeshapata moto, gari limesimama, kiyoyozi kimewashwa.

Kuanzia leo naandika kila ninachofanya, kwa sababu gari hili limepita kwenye mikono mingi na hakuna hata mkono mmoja ulioacha kumbukumbu.

Lenyewe ni Eunos Roadster la 1992. Ndilo lile ambalo Mazda waliliuza nje ya Japani kwa jina la MX-5, likaonekana kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Chicago, Februari 1989. Viti viwili, paa la turubai, taa za mbele zinazoinuka, injini ya cc 1,597, gia ya mkono, nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Uzito wake haufiki tani moja. Raha yake ni kwamba unahisi kila kinachotokea chini yako, na ndiyo maana sailensi mbaya, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa umetoka kwenye pedali, inaniuma hivi. Gari zito linaweza kukuficha homa yake, hili haliwezi.

Mwaka jana gereji moja waliniambia wamelimaliza tatizo hilihili. Nilimwona kijana anaingiza bisibisi juu ya throto, ule mlango wa hewa ya injini, anazungusha, sailensi inapanda, boneti inafungwa, nalipa. Miezi minane imepita na tumerudi palepale.

Jioni hii nimefanya majaribio mawili kabla ya kufungua chochote.

La kwanza: injini ikiwa moto na inanguruma, nikachomoa soketi ya waya ya vali ya sailensi, ile iliyokaa chini ya throto. Vali nzima ukiinyima umeme, mizunguko lazima ibadilike, kwa kawaida hushuka. Hapa mshale haukusogea hata unywele. Nikaichomeka, nikaichomoa tena. Hakuna tofauti.

La pili: injini imezimwa, mita kwenye ncha mbili za vali. Omu 12 na kidogo. Koili ni nzima, haijakatika wala haijaungua. Kwa hiyo koili haina kosa, lakini hewa haibadiliki. Kitu kimekwama ndani. Kontroli boksi, kompyuta ya injini, haiwezi kukuambia hilo, kwa sababu yenyewe inaona umeme tu, masizi haiyaoni.

Niandike hapa namna ninavyoielewa hewa ya sailensi kwenye injini hii, maana ndiyo kazi yote ya wiki hii. Ukiachia pedali, kipepeo cha throto, kile kibati kinachozunguka ndani yake, kinafunga karibu kabisa. Injini bado inataka hewa ya kuishi, na inaipata kwa njia tatu za pembeni. Moja ni tundu lenye skrubu, unalifungua au kulifunga kwa bisibisi na likishawekwa linabaki hivyo. Ya pili iko ndani ya vali: kuna nta ambayo maji ya injini yanapita karibu nayo. Injini ikiwa baridi nta imesinyaa na njia iko wazi, injini ikipata moto nta inavimba na kuifunga. Ya tatu, iliyo ndani ya vali hiyohiyo, ni koili inayovuta kijiti dhidi ya springi, na kontroli boksi inaichezesha haraka haraka kuongeza au kupunguza hewa kulingana na mzigo: kiyoyozi, taa, feni ya rejeta.

Sasa ukiangalia tabia ya gari langu, kila kitu kinakaa mahali pake. Asubuhi linawaka vizuri kwa sababu njia ya nta bado iko wazi. Likipata moto, nta inafunga, na aliyebaki wa kuongeza hewa kiyoyozi kikiingia ni yule wa koili, ambaye amekwama. Yule kijana wa gereji alifungua skrubu. Skrubu ni bomba lililoachwa wazi, linatoa kiasi kilekile kiyoyozi kiwe kimewashwa au kimezimwa. Mkono wa kufungua na kufunga ni vali. Huwezi kuziba pengo la mkono kwa kuacha bomba wazi, unachopata ni sailensi ya juu pasipo mzigo na gari linalozima palepale mzigo unapoingia.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeanza saa moja asubuhi, injini imelala usiku kucha. Hili si la kupuuza: vali ina mipira miwili ya maji ya injini, na maji ya moto yenye shinikizo hayana mzaha.

Betri ya Roadster hili iko nyuma, kwenye buti, upande wa kulia. Nimetoa waya wa hasi kwanza. Kisha bomba kubwa la hewa linalokatiza mbele ya injini kutoka kwenye kipima hewa hadi kwenye throto: klipu mbili, na ule mpira mdogo wa pumzi unaotoka kwenye kava la vali za injini. Ndani ya bomba nimepitisha kidole, kikatoka na mafuta. Hapo ndipo uchafu unapoanzia. Mvuke wa oili kutoka tumboni mwa injini unarudishwa kwenye njia ya hewa, unakutana na vumbi laini lililoponyoka kwenye filta, na mji huu hauna uhaba wa vumbi. Vikichanganyika vinakuwa kama lami.

Waya wa pedali umetoka kirahisi. Mipira ya maji haikutoka kirahisi. Imekaa miaka na imeshikana na vidomo vya vali. Usivute. Nimeifinya kwa plaizi kuizungusha kwanza mpaka ikaachia, ndipo nikaisukuma taratibu. Kidomo kikivunjika, vali yote ni ya kutupa. Yakamwagika maji kiasi cha vikombe viwili, ya rangi ya chai ya rangi. Hiyo ni kutu. Aliyekuwa na gari hili kabla yangu alijaza maji ya bomba bila kulanti, dawa ya maji ya rejeta inayozuia kutu, na mimi nilichelewa kuyabadilisha.

Throto imeshikwa na vifungo vinne vya namba 12. Vitatu vimetii. Cha nne, kile cha chini upande wa injini, kinataka kiungo cha spana na mkono mwembamba. Mdogo wangu ana mkono mwembamba.

Throto ikatoka na vali yake chini, nikaiweka juu ya gazeti mezani. Kipepeo kimezungukwa na pete nyeusi. Matundu ya vali, ambayo yalipaswa kuwa wazi, yamebaki kama ufa. Nilikaa nayo muda mrefu kidogo. Gari limekuwa likivutia pumzi kupitia hapo.

Vali imefungwa kwenye throto kwa skrubu nne za nyota. Hapa nimesimama, na nasema wazi kwa atakayefanya kazi hii: simama hapa. Mbili zilifunguka. Ya tatu bisibisi iliruka, nikaona chuma kinameremeta kichwani. Kama ningeendelea, ningeisaga. Mzee jirani, aliyefanya kazi ya ufundi wa mabasi miaka mingi na sasa amestaafu, alikuwa anapita kutoka kanisani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeshatoa kichwa chake hicho?"

Nikamwonesha. Akaigeuza throto kwenye mwanga, akaangalia kichwa cha skrubu, akanionesha kinukta kidogo kilichopigwa pembeni ya nyota. "Hii ni skrubu ya Kijapani. Hiyo bisibisi yako ya nyota ya kawaida ina ncha iliyochongoka, haifiki chini, ndiyo maana inaruka. Tafuta yenyewe. Na utafute ile ya kugonga. Leo itie oili, iache ilale."

Nikatia oili ya kulainisha kutu kwenye zile mbili, nikafunika kila kitu kwa kitambaa safi, nikaziba mdomo wa manifoldi, njia inayopeleka hewa ndani ya injini, kwa kitambaa kingine na plasta juu yake ili mjusi au njugu ya mtoto isiingie. Injini iliyo wazi uani haiachwi hivihivi.

Jumatano, 6 Agosti

Baada ya kazi nimekwenda mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri. Nimepata bisibisi ya kugonga na ncha ya Kijapani namba 2 kwa shilingi 25,000, na karatasi ya gasketi ya kukata mwenyewe, shilingi 3,000. Makopo mawili ya kusafishia kabureta, 9,000 kila moja. Klipu nne mpya za mipira ya maji.

Duka moja waliniletea vali iliyotumika, "ya gari hilohilo kaka, original, chukua kwa laki na themanini." Niliitazama ndani kwa tochi ya simu. Ilikuwa nyeusi kuliko yangu. Nilimshukuru, nikaondoka. Kununua vali chafu kwa laki na themanini ili nikaisafishe, wakati ninayo yangu yenye koili nzima, kungekuwa kuhamisha kazi kutoka meza moja kwenda nyingine.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Sikukuu ya wakulima, nyumba imetulia. Siku nzima ni ya vali.

Throto nimeiweka juu ya ubao wa mbao laini, mdogo wangu ameishika. Bisibisi ya kugonga nimeisukuma chini, nyundo mara moja, skrubu ya tatu ikaachia kwa mlio mkavu. Ya nne nyundo mara tatu. Vichwa vyote viko salama. Nimefarijika kuliko ninavyoweza kueleza, maana skrubu iliyokatikia ndani ya throto ya alumini ingeniingiza kwenye kazi ya kutoboa, na kutoboa ni mwanzo wa safari nyingine kabisa.

Gasketi ya kati ya vali na throto imetoka nzima. Nimeisafisha kwa kidole na sabuni tu, kisha nikaiweka mbali na dawa.

Kabla ya dawa, jambo la usalama. Kopo hili linashika moto kwa urahisi wa kutisha, na dirisha la jikoni la jirani lipo hatua sita kutoka mezani, jiko la mkaa chini yake. Nimemwomba mama wa jirani tubadilishane: yeye amalize maharage yake kwanza, mimi nisubiri. Nimesubiri saa nzima. Miwani ya macho, glovu, upepo unaotoka baharini ukinipiga mgongoni kupeleka mvuke mbali nami.

Usafishaji wenyewe unataka subira kuliko nguvu. Nilipuliza dawa kwenye matundu ya hewa, nikaacha dakika tano, nikasugua kwa mswaki wa zamani, nikapuliza tena. Maji meusi kama wino yakatiririka gazetini. Mzunguko wa kwanza unadhani umemaliza, wa pili unatoa weusi uleule, wa tatu unaanza kuona rangi ya chuma. Nimefanya mara saba. Upande wa koili nimeuelekeza juu muda wote ili dawa isilowee ndani ya waya. Msasa sijatumia, waya wa kusugulia sufuria sijatumia. Kijiti cha ndani na kiti chake vinakaa kwa kipimo cha karibu sana, mkwaruzo mmoja na vali itavuja daima.

Mzunguko wa nne ndipo kijiti kikaachia. Nilikisukuma kwa ncha ya kijiti cha meno, kikaenda, springi ikakirudisha. Nilikisukuma tena na tena kama mtoto aliyepata kengele. Kisha waya mbili kutoka betri, volti 12 kwa mguso mfupi: tak. Nikiachia: tak. Huo ndio mlio ambao gari hili halikuwa nao.

Ilibaki nta. Hapa mke wangu ndiye aliyenisaidia, kwa birika. Vali ikiwa baridi nilivuta hewa kwa mdomo kupitia mpira msafi niliouchomeka tunduni, baada ya dawa yote kukauka na kuoshwa. Hewa inapita. Kisha akamimina maji ya moto kwenye kidomo kimoja cha maji, yatokee kingine. Mwanzo hayakutoka. Yalijaa na kufurika juu.

Njia ya maji ilikuwa imeziba kwa kutu.

Sikuwa nimelitegemea hilo. Nimeingiza waya laini wa shaba, nikazungusha, ukatoka na matope mekundu, nikasukuma maji kwa bomba la sindano mpaka yakatoka meupe. Birika tena. Maji ya moto yakapita mfululizo kama dakika mbili na nusu, nikawa napuliza kwenye mpira huku nikisikiliza: hewa ikapungua, ikapungua, ikawa nyembamba kama ya tundu la sindano, ikakata. Nta inafanya kazi. Mke wangu akasema, "Kumbe inapumua kama mtu." Ndivyo hasa.

Hili la maji lina mantiki yake kwa mji kama huu. Injini ya Dar haipati baridi ya kweli. Hata asubuhi ya Agosti inaanzia karibu nyuzi ishirini, kwa hiyo nta haisinyai hadi mwisho kama Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Tunadhani basi sehemu hiyo haituhusu. Inatuhusu: maji yakiziba, nta haipati moto wa kutosha, njia inabaki nusu wazi, na hewa isiyodhibitiwa inaingia muda wote. Yamkini ndiyo iliyoisaidia skrubu kushikilia zile 1,100.

Throto yenyewe nimeisafisha kwa kitambaa kilicholowa dawa, pande zote mbili za kipepeo, na njia ya skrubu ya hewa. Kabla ya kuitoa skrubu hiyo niliifunga polepole huku nikihesabu mizunguko hadi ikagusa chini: mitano na nusu. Nimeandika kwa chaki ukutani na hapa. Skrubu nyingine, ile ya kizuizi cha kipepeo, bado ina rangi ya kiwandani haijapasuka. Sijaigusa na sitaigusa. Hiyo ikisogezwa kipepeo hakifungi, swichi ya sailensi haifungi, na kontroli boksi haijui tena kama mguu umetoka kwenye pedali.

Jumamosi, 9 Agosti

Gasketi ya throto na manifoldi nimeikata jana usiku kwa mkasi na kisu kidogo, nikifuatisha uso wa throto kwa penseli. Kurudisha ni kutoa kwa kinyume, na sitaki kurefusha, isipokuwa vitu viwili. Skrubu nne za vali nimezipaka tone la grisi ili atakayefuata asiteseke. Na vile vifungo vinne vya namba 12 vimekazwa kwa msalaba, hatua kwa hatua, kwa sababu alumini ikikazwa upande mmoja inapinda na hewa inapita.

Maji yametolewa yote, mfumo umeoshwa mara mbili, kulanti imechanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Pua ya gari imeinuliwa kwa jeki na kuegeshwa kwenye stendi, kifuniko cha rejeta wazi, hita ya ndani imefunguliwa hadi mwisho ili hewa itoke kwenye mabomba yote. Kukaa ndani ya Roadster na hita imefunguliwa, Dar es Salaam, saa sita mchana, ni kazi. Lakini mapovu yaliendelea kutoka kwa dakika kumi na tano. Hewa ikibaki kwenye njia ya vali, nta haisikii moto.

Nikawasha.

Mizunguko ikapanda hadi 2,000, ikaanguka hadi 1,000, ikapanda, ikaanguka. Kama mtu anayepiga bembea. Mdogo wangu akasema, "Kaka, tumeiharibu." Moyo wangu pia ulishuka. Nikazima, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikarudi kwenye maandishi yangu ya tarehe 2.

Jibu lilikuwa humo. Skrubu imefunguliwa mizunguko mitano na nusu, na sasa njia yake ni safi. Gari linapata hewa ya bomba lililo wazi pamoja na hewa ya mkono uliopona. Mizunguko inapanda. Swichi inasema mguu umetoka kwenye pedali, kontroli boksi inaona mizunguko iko juu, inaamua kwamba gari linateremka mlima kwa gia, inakata petroli. Mizunguko inaanguka, petroli inarudi, inapanda tena. Hatukuwa tumeharibu kitu. Tulikuwa tunaona ile tiba ya mwaka jana ikiwa peke yake, bila ugonjwa uliokuwa ukiificha.

Nikamwita mzee. Alikuja na kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine akiipitisha kuzunguka gasketi mpya, mipira midogo ya hewa, mdomo wa manifoldi. "Hakuna mluzi. Gasketi yako imekaa. Shughulika na skrubu."

Kuweka sailensi ya injini hii kuna utaratibu wake. Kando ya injini kuna kijiboksi cha uchunguzi chenye kifuniko. Injini ikiwa moto kamili, kiyoyozi, taa na feni vyote vimezimwa, unaunganisha tundu lililoandikwa TEN na lililoandikwa GND kwa kipande cha waya. Hapo kontroli boksi inaacha kucheza na vali, inakupa sailensi ya msingi uiweke mwenyewe. Kipimo cha kiwandani ni mizunguko 850, ukizidi au kupungua 50. Ukisahau ule waya, unazungusha skrubu huku kontroli boksi inazungusha vali kukupinga, mnashindana, na kesho yake hakuna aliyeshinda.

Robo mzunguko, nasubiri. Robo, nasubiri. Bembea iliisha nilipofika kama mizunguko mitatu na nusu. Nikaendelea. Skrubu ilipobaki wazi mizunguko miwili tu, mshale ukasimama 850.

Nikatoa waya. 850. Nikawasha taa, zikainuka, mshale ukanywea kidogo na kurudi kabla sijamaliza kuutazama. Kisha kiyoyozi. Nilishika pumzi. Kompresa ikaingia kwa ule mshtuko wake, injini ikainama kama mtu anayepokea gunia begani, kisha ikasimama karibu na 1,000. Haikutetemeka. Mzee aliweka kiganja juu ya kava la injini, akakiacha hapo. "Sasa inafanya kazi yenyewe," akasema.

Nikachomoa soketi ya vali kama siku ile ya kwanza. Mizunguko ikashuka mara moja. Nikaichomeka, ikarudi.

Jumapili, 10 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, barabara tupu, paa chini. Shekilango, Bamaga, Barabara ya Bagamoyo, nikapinda kuelekea Daraja la Tanzanite. Nilisimamisha gari kila mahali palipostahili kusimama na pengine pasipostahili, nikikanyaga klachi na kusikiliza. 850. Kitu ambacho sikukitarajia ni jinsi gari linavyoachia pedali sasa. Zamani ukitoa mguu kuingiza gia ya pili, mizunguko ilining'inia juu, gari likiendelea kuvuta kama halijakusikia. Sasa inashuka kwa wakati wake, gia inaingia kwa vidole viwili. Nilikuwa nimezoea ubaya ule nikadhani ni tabia ya gari.

Jua lilikuwa limeinuka kidogo juu ya bahari nikiwa juu ya daraja. Nilirudi kwa njia ndefu.

Jumatatu, 11 Agosti

Mtihani wenyewe: Barabara ya Sam Nujoma, saa kumi na mbili jioni, Mwenge kwenda Ubungo, foleni isiyosogea. Kiyoyozi namba tatu, taa zimewashwa, feni ya rejeta inaingia na kutoka. Dakika hamsini. Halikuzima, na mara moja tu mshale ulishuka chini ya 800, feni na kompresa zilipoingia kwa pamoja, kisha ukapanda.

Usiku nimetandika kadibodi chini ya injini, kama ninavyofanya kila nikigusa mfumo wa maji.

Jumanne, 12 Agosti

Kadibodi ina doa la kijani, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Nimepapasa kwa kidole: mpira wa nyuma wa vali, unyevu kwenye klipu. Mpira huo ni wa zamani, mdomo wake umekakamaa, na klipu mpya imeuma mahali pasipo na mdomo mzuri. Nimekata sentimita moja ya mwisho, nikapata mpira laini, nimeurudisha mpaka ukagota, nimekaza. Nimeongeza kulanti kidogo kwenye chupa ya akiba na kuchora mstari kwa kalamu ya wino mzito.

Kadibodi mpya.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeamka kabla ya adhana kuitazama kwa tochi. Imekauka. Kulanti iko kwenye mstari.